Vilima Visivyosogea

Mama wa fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo tangu kulipopambazuka, shati safi la mwanawe limekunjwa vizuri juu ya mkono kama shuka la mtoto mchanga. Inspekta alimwona tangu mbali. Akapunguza mwendo, maana hakuwa na habari njema ya kumpa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea shati. Wamesema leo alasiri anapelekwa mahakamani, nami sitaki asimame mbele za watu kama kitu kilichookotwa jalalani."

"Atalipata."

"Mwanangu hakumuua yule bibi." Mama hakupandisha sauti. "Akifunga kitu, hakifunguki. Mtungi wangu wa gesi jikoni aliufunga yeye, na kila ukiisha inabidi nimwite aje aufungue mwenyewe. Majirani wote wameshajaribu, wakaishia kuchubuka mikono."

"Hilo siwezi kuliandika kwenye faili, mama."

"Basi liweke kichwani. Huko hakuna mwendesha mashtaka."

Inspekta alicheka kidogo, kicheko cha puani, akaingia ndani kumchukua Koplo. Faili lenyewe lilikuwa jembamba, na wembamba wake ndio uliomkera. Mkemia mmoja mtu mzima, ambaye maabara nzima ilimwita Bibi Sukari, alikutwa Jumatatu asubuhi amekufa kwenye kiti chake, ndani ya chumba cha mashine. Hakuwa na jeraha wala sumu. Daktari wa maiti aliandika kwamba alikosa hewa, na kwamba alikufa Jumapili jioni. Mrija wa gesi ulikutwa umechomoka na kulala sakafuni, mtungi mtupu. Na mtu wa mwisho kuugusa mrija huo, Ijumaa, alikuwa fundi wa mitambo. Basi wakamkamata fundi kwa uzembe ulioleta kifo, kila mtu akapumua. Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka kabla ya gari la mahabusu kuondoka.

"Afande, hii kesi si imekwisha?" Koplo aliuliza wakiwa njiani. Alikuwa mtu mnene, mwenye kupenda mambo yaliyokwisha.

"Imekwisha mapema mno. Mkate ukitoka kwenye moto mapema hivyo, mimi huupasua nione katikati."

Maabara ilikuwa jengo la ghorofa moja, refu, lenye madirisha madogo na harufu ya spiriti iliyokutana na mtu tangu ukumbini. Mkuu wa maabara aliwapokea mwenyewe. Alikuwa mwanamume mrefu, koti lake jeupe halina hata doa moja, lile koti la mtu ambaye siku hizi anafanya kazi ya kalamu. Nyuma yake alisimama msaidizi wa marehemu, dada wa makamo mwembamba, macho yamevimba, mikono ndani ya glavu za bluu.

"Pole sana, dada," Inspekta alimwambia. "Nasikia ulikuwa unamwita mama."

"Nilikuwa naye tangu nimalize chuo," msaidizi akajibu, akatazama chini.

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo kama stoo ya nyumbani, hakina dirisha, na baridi yake ilikuwa ya kukata mifupa. Kiyoyozi kilinguruma ukutani. Mashine yenyewe ilikuwa imezimwa: masanduku manne yaliyopandiana, na kwenye sanduku la katikati bomba la chuma jembamba kama kalamu. Juu yake zilisimama chupa. Kiti cha marehemu kilikuwa bado pale, mto wake umebonyea. Kando yake kulikuwa na kigoda. Chini ya mlango Inspekta aliona kitambaa kinene kilichosokotwa kama nyoka.

"Hiki ni cha nini?"

"Ni chake," Mkuu akasema. "Kila akifanya kazi hufunga mlango na kuziba hapo chini. Joto la chumba likipanda hata kidogo, majibu yanabadilika. Tumemwonya mara nyingi kuhusu kujifungia na gesi. Alikuwa anatuambia sisi tumezoea kupima maji ya bomba, tumwache na sukari zake."

"Nieleze hizo sukari kama unavyomweleza bibi yako."

Mkuu alikohoa. Ilionekana hakuwa ameombwa hivyo siku nyingi. "Kuna sukari rahisi, ile ya kwenye chai. Na kuna sukari tata, ndefu, zilizoungana kama shanga. Kwenye maziwa ya mama zimo za kila namna, na viwanda vya maziwa ya watoto vinataka kuziiga. Sasa, mbili kati ya hizo ni mapacha. Shanga zilezile, uzito uleule, tofauti yake ni mahali fundo moja lilipofungwa. Ukizipitisha kwenye mashine zinatoka pamoja, zinachora kilima kimoja. Huwezi kujua ipi ni ipi, na ipo kiasi gani. Watu wamehangaika nazo miaka."

"Na Bibi Sukari?"

"Alizitenganisha." Mkuu aliangalia lile bomba la chuma. "Zinasukumwa humu kwa maji ya kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni. Yeye akapunguza joto, yaani akafanya baridi zaidi, akaenda polepole, na mapacha wakaachana. Vilima viwili, na bonde katikati. Jumatatu walikuwa wanakuja wageni kuona."

Msaidizi, ambaye alikuwa amesimama karibu na meza, alikuta chupa moja iko wazi. Bila kuiangalia alikata kipande cha karatasi laini ya nta, akakivuta kikanyumbuka, akakizungushia mdomo wa chupa mpaka ukaziba kabisa. Mikono ilifanya yenyewe, kama ya mwanamke anayefunika sufuria huku akiongea na mgeni.

"Na gesi inaingiaje hapo?" Inspekta akauliza.

"Naitrojeni. Haina harufu, haina rangi, haikabi mtu koo. Mtu anasinzia tu." Mkuu alinyoosha kidole kwenye mtungi mrefu pembeni. "Kazi yake ni kupita kwenye mrija na kukaa juu ya kostiki ndani ya chupa, kuizuia hewa. Kostiki ni mlevi wa hewa, Inspekta. Ukiiacha wazi inakunywa ile tunayoitoa puani, na ikishakunywa haitapiki. Baada ya hapo inasukuma sukari nje kabla ya wakati wake. Vilima vinaanza kusogea mbele, kila safari kidogo, mpaka vinagongana."

"Kwa hiyo mrija ulipochomoka, mambo mawili yalitokea. Chumba kikajaa gesi, na chupa ikabaki wazi."

"Ndiyo. Fundi hakukaza. Jumapili mchana mrija ukachomoka, mama wa watu akiwa humu amejifungia."

"Na kazi yake ya mwisho?"

"Iliharibika, bila shaka. Mashine haikujua kama amekufa. Iliendelea na foleni ya sampuli usiku kucha mpaka ilipozimwa." Mkuu alitikisa kichwa. "Hilo ndilo linaloniuma."

Inspekta aliondoa macho kwenye mtungi akayapeleka kwa Mkuu. "Mna funguo ngapi za humu?"

"Yake, ya msaidizi, na ya kwangu."

"Nasikia wewe na marehemu mlirushiana maneno wiki iliyopita. Wafagiaji walisikia tangu ukumbini."

Uso wa Mkuu uliiva. "Nilitaka njia yake tuiuzie kiwanda. Yeye akataka itangazwe bure, kila maabara iitumie. Akaniita mchuuzi. Nilikasirika, sikatai."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kwa ndugu zangu, mji mwingine. Kulikuwa na kikao cha familia. Nililala huko, na simu ya msiba ilinikuta huko."

Koplo alitoka nje na simu yake. Inspekta alianza kuhisi baridi kwenye meno. Alimgeukia msaidizi.

"Dada, hizo picha za vilima za Jumapili usiku, naweza kuziona?"

"Zimeharibika," msaidizi akasema haraka. "Hazitawasaidia kitu."

"Mimi nimezoea vilivyoharibika. Ndiyo kazi yangu."

"Watolee tu," Mkuu akasema.

Msaidizi alikaa mbele ya kompyuta. Alikuwa mtu wa mikono myepesi, lakini sasa mikono ilipapasa. Mara akasema karatasi zimekwisha. Inspekta akamwonyesha rimu nzima chini ya meza. Mara akasema wino hafifu. Mwishowe printa ikaanza kutema karatasi moja baada ya nyingine, na Inspekta akapiga magoti akazipanga sakafuni ukumbini, kwa mfululizo, kama mtu anayeanika dagaa. Goti la kulia likamlalamikia. Akalinyamazisha.

Koplo akarudi. "Ni kweli, afande. Nimeongea na shemeji yake, na shangazi yake, na mtu mwingine ambaye hata hakuulizwa. Jumapili yote alikuwa kule, na Jumatatu walimsindikiza kwenye gari akilia."

"Sawa. Njoo usimame hapa. Wewe una macho mazuri na hujui kitu, ndiye ninayekutaka."

"Asante, afande."

"Angalia vilima. Vimesogea?"

Koplo aliinama, tumbo likamzuia, akainama upande. Akatembea kutoka karatasi ya kwanza mpaka mwisho wa ukumbi, akarudi. Kwenye kila karatasi vilisimama vilima viwili, vyembamba, vilele vimechongoka, na bonde lililoshuka mpaka chini kabisa katikati yao. "Hapana. Vimesimama mahali pamoja kama askari kwenye gwaride. Ila hizi za mwisho huku. Hapa vimejikwaa mbele. Hapa zaidi. Na hapa vimeegemeana."

Mkuu alimsukuma Koplo bila kuomba radhi. Alichuchumaa, koti jeupe likaburura sakafuni, akapitisha kidole kwenye saa zilizochapwa juu ya kila karatasi. Jumapili mchana, jioni, usiku wa manane, alfajiri.

"Haiwezekani," akasema taratibu.

"Kwa nini?"

"Kama chupa ilikuwa wazi tangu Jumapili mchana, vilima vingekuwa vimetembea kabla ya jua kuzama. Hizi... hizi ni safi kuliko zote nilizowahi kuona. Na zimechorwa akiwa ameshakufa."

"Chumba kilikuwa kimejaa gesi." Ilikuwa sauti ya msaidizi, kutoka kwenye kiti cha kompyuta. Ilikuwa imetulia ghafla, sauti ya mwalimu. "Kama chumba kizima ni naitrojeni, chupa haiwezi kunywa hewa. Hewa haikuwepo. Ndiyo maana vilima havikusogea."

Mkuu alipumua kwa nguvu. "Ndiyo. Ndiyo, ni kweli. Sikuliwaza hilo."

Koplo alimtazama Inspekta kwa masikitiko, kama mtu aliyeona chakula kikiondolewa mezani. Inspekta hakuwa na haraka. Alikaa pale sakafuni, akajisugua goti.

"Jibu zuri," akasema. "Mkuu, mashine hii inajua gesi ikiisha?"

"Inajua. Inaandika onyo."

"Nisomee onyo la Jumapili."

Mkuu alikwenda kwenye kompyuta. Msaidizi hakuinuka kumpisha. Ilibidi asome akiwa amesimama nyuma ya mabega yake. "Gesi iliisha Jumapili jioni. Jua ndiyo kwanza linazama."

"Na kiyoyozi hiki, kinazungusha hewa ya humuhumu au kinavuta ya nje?"

"Ya nje, kidogo kidogo. Sheria ya maabara." Kisha akasema mwenyewe, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Kwa hiyo muda si mrefu baada ya hapo chumba kilikuwa na hewa ya kawaida. Usiku mzima. Na vilima havikusogea usiku mzima."

"Basi chupa haikuwa wazi."

"Haikuwa wazi. Mrija ulitolewa, halafu mdomo wa chupa ukazibwa. Bomba la kwenda kwenye mashine tu ndilo lililobaki ndani."

"Mrija ukichomoka wenyewe, huwa unaziba chupa?"



Inspekta aliinuka kwa kushika ukuta. Alisema kwa upole, maneno yake yakienda moja moja. "Fundi wa mitambo angeacha chupa wazi. Mimi ningeiacha. Hata mwuaji wa kukodi angeiacha, chupa ya maji ya kostiki inamhusu nini? Yupo mtu aliyeelekeza gesi sakafuni ili mwenzake afe, halafu akakata karatasi ya nta akaiziba chupa ili kazi isiharibike. Nimejiuliza ni mtu wa namna gani. Halafu nikaangalia hizi za mwisho." Alionyesha karatasi zilizojikwaa. "Mkuu, hizi ni za nini?"

"Hizi si sampuli. Ni sukari za kulinganishia, zinazokuja baada ya sampuli zote kwisha." Alitazama saa juu ya karatasi. "Zinaanza Jumatatu asubuhi."

"Yaani sampuli zimekwisha salama, na mara tu baada ya hapo mtu akaondoa kizibo, ili sisi tukute chupa wazi na mrija sakafuni. Jumatatu asubuhi. Wewe ulikuwa mji mwingine. Fundi alikuwa kwenye jenereta la nyuma tangu alipofika, mlinzi na wafagiaji walikuwa naye." Akageuka. "Dada, mlinzi anasema ulipita getini mbingu ikiwa bado ya kijivu. Simu yako ya kutuita ilipigwa watu wameshaingia ofisini. Ulikuwa unafanya nini hapo katikati?"

Msaidizi alikuwa anavua glavu. Alivua ya kushoto, akaigeuza nje ndani, akavua ya kulia juu yake, akazifunga fundo. Kisha akaziweka kwenye pipa la taka za maabara, si lile la taka za kawaida. Mikono yake ilikuwa myeupe, imesinyaa kwa jasho.

"Wazo la baridi lilikuwa langu," akasema. "Mkuu, unajua? Wote walikuwa wanapandisha joto. Mama akanicheka. Akasema baridi itavilaza vilima chini, vitakuwa matuta. Nikajaribu peke yangu, siku ambazo yeye hayupo. Mapacha wakaachana. Nikamwamsha kwenye simu kumwambia."

"Halafu?"

"Akasema ni bahati. Akajaribu mwenyewe, ikawa si bahati. Ijumaa nikaona barua yake kwa wageni. Ameandika 'nilifikiria kupunguza joto.' Nilifikiria." Alitabasamu kidogo, na Koplo akarudi nyuma hatua bila kujua. "Nilimwuliza. Akanipapasa shavu. Akasema, wewe ni mwanangu, changu na chako kuna tofauti gani?"



"Jumapili alitoka kwenda getini kuongea na simu," msaidizi akaendelea. "Nikatoa mrija, nikaulaza sakafuni nyuma ya mtungi. Nikafungua koki ya mtungi yote. Hauwezi kusikika, kiyoyozi kinanguruma. Nilijua akirudi atajifungia na kuziba mlango kama kawaida. Nilikuwa nakaribia kutoka, nikaona mdomo wa chupa." Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayeomba kueleweka. "Ningeiachaje wazi, Inspekta? Sampuli zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nilikuja kufungua chupa na kuita watu. Nilidhani foleni imekwisha. Kumbe alikuwa ameongeza sampuli, hakuniambia. Ilikuwa bado moja."

"Kwa hiyo?"

"Nikakaa nikasubiri."

"Ulikaa wapi?"

Msaidizi alionekana kushangazwa na swali. Aligeuka akatazama kupitia mlango wa kile chumba cha baridi, ndani, ambako kiti chenye mto uliobonyea na kile kigoda vilikuwa vimesogezwa karibu, bega kwa bega, vyote vimeelekea kwenye mashine.

"Pale pale," akasema. "Mahali pangu ni pale."

Koplo alitoa pingu, zikamponyoka vidoleni, akaziokota. Hakuna aliyemcheka. Mkuu alikuwa ameanza kuzikusanya zile karatasi kutoka sakafuni, kwa uangalifu, akizifuta vumbi, mpaka Inspekta alipozichukua mkononi mwake moja moja na kuzitia kwenye bahasha ya ushahidi. Alimwacha azitazame mara ya mwisho. Mkuu alizitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kile kiti.

"Koplo, piga kituoni. Gari la mahabusu lisitoke na fundi."

Simu iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, Koplo alisikiliza, akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Afande, wanasema ameshapandishwa. Gari linawashwa."

"Mwambie huyo aliyepokea atoke nje akasimame mbele ya gari," Inspekta akasema, "na wewe usikate hiyo simu mpaka uisikie sauti ya fundi mwenyewe."

Wakasubiri wote wanne, hakuna aliyeketi. Kutoka kwenye simu zilikuja sauti za mbali: viatu vikikimbia kwenye kokoto, injini, mtu akipiga bati kwa kiganja. Injini ikazima. Kisha sauti ya mwanamume kijana, nzito, isiyojua lililotokea, ikasema, "Haloo?"